Nyuzi Nane na Santuri ya Chemirocha

Ukitoka Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinagawana soko moja, barabara inapita Sotik na kukufikisha Kapkatet. Ni safari ya matatu tu. Huko Kapkatet, mwaka 1950, mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alitega mashine yake ya kurekodi, na wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimhimiza acheze. Jina hilo, kwa matamshi yao, lilikuwa la Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika reli na ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri. Alikuwa amekufa tangu 1933, ila sauti yake ilikuwa imefika kwa gramafoni.

Nimezisikiliza mara nyingi rekodi zake mbili za kwanza, za tarehe 4 Agosti 1927 mjini Bristol, Tennessee. Albamu nzima ilikuwa bado haijawa desturi. Mwimbaji alipewa upande mmoja wa santuri, dakika kama tatu, asimame na gitaa lake aseme lake. Moja ya nyimbo hizo ni bembelezi. Gitaa linatembea taratibu, halishindani na sauti. Halafu neno linakwisha, koo linavunjika na kuruka juu, na gitaa linabaki chini likimngoja arudi.

Kungoja huko nakujua kutoka kwetu. Ndiyo kazi ya obokano.

Obokano ni kinubi kikubwa cha Wagusii, kikubwa kuliko nyatiti ya jirani zetu Waluo: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili, mti wa mkingamo, na nyuzi nane. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za kano za ng'ombe, na Mswahili akilisikia jina la ala hii atalikuta neno lake mwenyewe ndani yake. Mlio wake ni mzito, una mkwaruzo, unavuma kifuani kabla haujafika sikioni. Mgeni hudhani ni kasoro. Mimi nasema mkwaruzo huo ndio uhai wake, na fundi wa sauti anayeusafisha kwenye mashine amemnyang'anya mpigaji nusu ya maneno yake. Kampuni ya Ocora ya Ufaransa ilipotoa sahani nzima ya obokano, nilifurahi kwamba mvumo umeachwa.

Mpigaji hodari hawahi. Anarudia mzunguko wa vidole mara nyingi, watu wanatulia, ndipo anapoanza kusimulia: sifa, msiba, onyo kwa vijana. Akifika penye uzito ananyamaza, nyuzi za chini zinaendelea.

Jioni moja, upande wa Nyamira, nilimwomba omogaka mmoja, yaani mzee, anipigie wimbo niupendao. Hakunijibu. Akaukaza uzi mmoja pale juu, akaugusa, akatikisa kichwa, akaukaza tena. Chai niliyoletewa ikapoa. Nilipotaka kusema neno aliinua kidole.

"Tulia, mwanangu. Bado haujaniitikia."

Akaugusa tena, akainamisha sikio kwenye ngozi, na safari hii akatabasamu.