Injini Inayogoma Alfajiri

Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa sababu pistoni inagandamiza hewa mpaka inapata moto wa kuunguza mafuta yanayonyunyizwa ndani yake, kanuni ambayo Rudolf Diesel aliithibitisha kwa injini iliyofanya kazi mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Dizeli hujiwasha yenyewe joto likizidi kidogo digrii 200 za Selsiasi. Injini iliyokwisha kupata moto hulifikia joto hilo bila taabu; iliyolala usiku kucha hulitafuta ndani ya chuma baridi, kwa stata inayozunguka kivivu na kwa mafuta ambayo huenda yamekwisha kurudi kwenye tangi. Kwa hiyo ubovu wa injini inayogoma ikiwa baridi huonekana dakika chache tu za alfajiri. Injini ikishawaka, dalili zimekwenda. Fundi anapata nafasi ya swali moja kwa siku, na akiliuliza vibaya hungoja kesho. Heshima ya kazi hii iko katika kuyapanga maswali hayo.

Katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maswali huanza na ramani. Vilima vya Masisi, nchi ya malisho na jibini, hupanda hadi kupita mita 2,000, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko usawa wa bahari. Mji wa Walikale uko chini ya mita 1,000, ndani ya msitu, na usiku wake, tofauti na wa Masisi, ni wa joto na unyevu. Tofauti hiyo si ndogo kwa injini. Katika injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita, lita 4.2 na uwiano wa mgandamizo wa 22.4 kwa 1, kila digrii moja inayopungua nje hupunguza zaidi ya digrii mbili pale pistoni inapofika juu. Ndiyo sababu fundi mzoefu humhoji dereva kabla ya kushika spana. Gari linalowaka Walikale na kugoma Masisi aghalabu lina upungufu wa joto: plagi za kupasha, betri, taimingi (wakati wa mafuta kunyunyizwa) au mgandamizo. Linalogoma kote kuwili huenda lina kasoro kwenye njia ya mafuta, maana mpira uliopasuka huvuta hewa msituni kama unavyovuta mlimani.

Injini iliyosukwa upya huongeza ugumu. Mwenye gari huiona mpya, na hoja yake ni kwamba kilichobadilishwa hakiwezi kuwa kibovu. Fundi huanzia upande wa pili: kila kilichofunguliwa ni mshukiwa. Ringi mpya hazijakaa sawa kwenye silinda, pampu imetolewa na kurudishwa, mabomba yamefunguliwa na kufungwa, mara nyingi kwa washa zilezile za shaba zilizokwisha kubanwa.

Ushahidi wa kwanza ni moshi wakati stata inazungusha injini. Ekzosi isipotoa chochote, mafuta hayafiki ndani ya silinda. Moshi mweupe unaochoma macho unaonyesha kwamba yamefika bila kuungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na wa bluu ni oili. Uangalizi huu hauna gharama, na hugawa kazi yote katika njia mbili: ya mafuta na ya joto.

Ikiwa hakuna moshi, njia ya mafuta hufuatwa kutoka kwenye tangi. Kwanza ni mafuta yenyewe. Mazutu, yaani dizeli, inayouzwa kwa bidoni kando ya barabara huenda ina maji au imechanganywa na mafuta ya taa. Ikiachwa usiku katika chupa inayoonyesha ndani, maji hukaa chini kwa uzito wake. Kisha valvu ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu: swichi ikiwashwa, husikika ikigonga mara moja. Kisha hewa. Bomba linalopenyeza hewa si lazima lidondoshe mafuta, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Fundi hufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu na kutazama mapovu. Penye shaka zaidi, huning'iniza kidumu cha mafuta safi juu ya injini, akaunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye pampu, na kuuacha hivyo hadi asubuhi. Injini ikiwaka papo hapo, pampu na nozeli zimeondolewa lawama, na kosa liko kati ya tangi na pampu.

Milima nayo huficha makosa. Madereva wengi hulaza gari likitazama mteremko, ili asubuhi liwashwe kwa kuachiwa liteleze. Mkao huo huinua tangi lililo nyuma na kuzuia mafuta yasirudi, na mteremko huzungusha injini kwa kasi kuliko stata iliyochoka. Kasoro mbili hufunikwa kwa wakati mmoja. Anayetaka ukweli hulilaza gari likitazama juu.

Ikiwa moshi ni mweupe, kinachotafutwa ni joto. Plagi hutolewa na kupewa umeme wa kipimo chake. Nzima huwa nyekundu kuanzia nchani. Taimingi hufuata: jino moja lililorukwa kwenye mkanda, au pampu iliyofungwa ikiwa imezungushwa kidogo, huweza kuchelewesha mafuta, na injini yenye moto huweza kuvumilia kosa ambalo ile baridi hailisamehe. Nozeli hupelekwa kwenye mashine ya kupimia, kwa kuwa inayodondosha badala ya kunyunyiza huacha matone mazito yasiyoshika moto. Mwisho hupimwa mgandamizo, kazi ndefu kuliko zote. Ukiwa chini kidogo katika silinda zote, huenda ringi zinahitaji tu saa za kufanya kazi chini ya mzigo. Ukiwa chini katika silinda moja, huenda kuna valvu au gasketi ya kufunguliwa tena.

Njia ya mkato ipo, na wengi huifuata: kitambaa chenye petroli mdomoni mwa chujio la hewa, au etha ya kupuliza. Injini huwaka kwa kishindo, na kishindo hicho huweza kuvunja ringi, hasa plagi za kupasha zikiwa na moto. Juu ya hasara hiyo, njia hiyo hufuta ushahidi wa siku nzima bila kujibu swali lolote.

Kwa hiyo utaratibu mzuri hubadilisha kitu kimoja kwa asubuhi moja, ukianza na kisicho na gharama na kuishia kwenye kile kinachodai injini ifunguliwe. Tiba nayo hupimwa kwa kipimo kilekile: gari hulazwa likitazama mlima, huachwa lipoe usiku mzima, na huwashwa kabla jua halijachomoza bila kusukumwa. Likiwaka hivyo Masisi, kazi inaweza kukabidhiwa.