Nani Mtungaji wa Filimu?

Tukitoka kutazama sinema, twamsifu mchezaji hodari au bibi aliyetuliza. Ni mara chache tunauliza: nani aliyeitunga kazi hii? Kitabu kina mwandishi wake. Je, filimu, inayopita katika mikono ya watu wengi?

Tutwae mfano mmoja: filimu ya Bwana Robert Bresson, Mfaransa, ya mwaka 1956, iitwayo Un condamné à mort s'est échappé, maana yake, mtu aliyehukumiwa kufa ametoroka. Habari yenyewe si ya Bresson. Ni ya André Devigny, ofisa wa jeshi aliyetoroka gereza la Montluc mjini Lyon mwaka 1943, wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa. Basi Bresson alitunga nini?

Kwanza, jina la filimu latuambia mwisho tangu mwanzo. Hatuulizi tena kama mfungwa atatoka. Twatazama namna anavyotoka. Pili, Bresson hakutafuta wachezaji wenye sifa. Mfungwa Fontaine alichezwa na François Leterrier, mwanafunzi wa filosofia. Uso wake hautuonyeshi machozi wala hasira. Ndipo macho yetu yashukia mikono yake: yanoa kijiko, yakwangua mbao za mlango, yasokota kamba kwa vitambaa. Walinzi hatuwaoni sana. Twasikia funguo na viatu vyao. Na wafungwa wakienda kumwaga ndoo zao za uchafu, yasikika Misa ya Mozart.

Wengine wasema filimu hii haina moyo. Sisi hatukubali. Siku za mwisho kijana Jost atiwa katika chumba cha Fontaine. Ni mpelelezi au ndugu? Amwue, au amwamini? Uso hausemi neno. Yatubidi kupima wenyewe. Fontaine amwamini. Na usiku ule, mbele ya ukuta, atambua kwamba peke yake asingaliweza kuupanda.

Hapo twamwona mtungaji. Devigny alitenda na kusimulia. Bresson alichagua tuone nini, tusikie nini, na tunyimwe nini. Hata jina la pili la filimu alilitoa katika Injili ya Yohane, katika maneno ya Bwana kwa Nikodemo juu ya upepo.

Mkiipata filimu hii, msiitazame tu. Isikilizeni.