Mjomba Asiye Mjomba

Katika miaka yangu yote ya kufundisha fasihi niliamini kwamba mwalimu huingia darasani akiwa amekwisha kukielewa kitabu. Darasa la watu wazima limenionyesha vingine.

Darasa lenyewe ni dogo. Tunakutana jioni moja kila juma, watu 9: fundi cherehani, muuguzi mstaafu, mzee aliyefanya kazi reli, akina mama wawili wa sokoni, na wengineo. Tulianza na Shujaa Okonkwo, yaani riwaya ya Chinua Achebe katika tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. Kisha, Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na wanadarasa wakataka kumjua. Nilikuwa na nakala moja tu ya Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka 2022, nasi tulikuwa tumekwisha kumaliza. Hivyo mimi nilisoma Kiingereza na kuwaeleza kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12 katika mji mdogo wa reli, zama za Wajerumani. Baba yake ana hoteli isiyokwenda vizuri. Mara kwa mara huja mfanyabiashara tajiri, Aziz, mtu mpole anayenukia manukato, na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye. Anapanda gari moshi bila kujua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Katika Kiingereza mtoto humwita Aziz kwa neno moja linalomtosha ndugu wa mama, ndugu wa baba, na hata mgeni wa heshima. Mimi, bila kufikiri, nikasema "mjomba."

Mama mmoja wa sokoni akaniuliza, "Mwalimu, huyo tajiri na mama yake mtoto wamezaliwa tumbo moja?"

Nikajibu hapana.

"Basi ni ami yake?"

Nikasema wala si ami.

"Basi mwite Aziz. Mbona unampa undugu asiokuwa nao?"

Mzee wa reli akampinga. Alisema sisi wenyewe humwita kila mtu mjomba, kondakta wa basi na muuza nyanya, na hakuna anayedanganyika. Wakabishana mpaka saa ya kuondoka. Juma lililofuata tukafika kwa Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kabla ya Yusuf, anayeuza naye duka la Aziz. Khalil anamwambia mwenzake waziwazi kwamba yule si mjomba wake, na kwamba amwite Seyyid. Nikatambua kwamba yule mama alikuwa amekamata kiini cha riwaya kabla ya mwalimu wake.

Fundi cherehani hakuipenda riwaya. Alilalamika kwamba haina mtu mbaya wa kumchukia. Ni kweli Aziz haonekani akimpiga mtu. Viboko vya wapagazi ni kazi ya mnyapara wake, Mohammed Abdalla. Aziz ana bustani nzuri yenye maji, na anatimiza ahadi zake. Kwangu mimi huo ndio uwezo mkubwa wa Gurnah. Angalimchora Aziz kama jambazi, tungalimlaani na kwenda zetu kulala. Amemchora mstaarabu, na amefanya dhuluma yake ipite katika lugha ya undugu na adabu.

Kasoro ninayoiona iko kwa Amina. Binti huyu aliokolewa na baba yake Khalil mikononi mwa wezi wa watoto, kisha akatolewa pamoja na Khalil kwa deni lile lile, na alipokua Aziz akamwoa. Msafara wa kwenda bara umepewa kurasa nyingi, Amina amepewa chache kuelekea mwisho. Muuguzi alisema, "Tumetembea nchi nzima na mizigo, tumefika kwa huyu binti tumechoka." Sina cha kuongeza.

Tulipofika hapo, yule mama wa sokoni alitueleza kwamba yeye naye alipelekwa nyumba ya watu akiwa mdogo, akaambiwa amwite mwenye nyumba mjomba. "Hawakunipiga," alisema. "Walikuwa watu wema. Ndiyo maana sikujua pa kulalamikia."

Darasa lilinyamaza, nami nikafunga kitabu mapema. Sikuwaambia sababu. Nitaisema hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nikiwafundisha walimu watarajiwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, iliyomlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kumwacha amalize shule ya msingi. Nyumbani kwangu alikuwako binti wa umri wa Yusuf. Aliletwa kutoka kijijini akiwa ameishia darasa la nne, kwa makubaliano na baba yake. Alichota maji, alibeba watoto wetu. Tuliwaambia wageni ni mtoto wa ndugu. Hatukumpiga. Shuleni hatukumpeleka, na mimi niliitwa Mwalimu mtaa mzima.

Riwaya inaisha Yusuf akisikia komeo likifungwa nyuma yake, naye anakimbia kuwafuata askari wa Wajerumani. Darasa liligawanyika. Wengine walimwona mjinga, kwamba ametoka kwa bwana mmoja na kumkimbilia mwingine. Zamani ningaliandika ubaoni kwamba mwisho huu umeharakishwa. Sasa sidhani hivyo. Hakuna mahali kitabuni ambapo Yusuf amepewa nyumba ya kurudi.

Yule binti wetu sasa ni bibi mwenye wajukuu. Nilikutana naye miaka michache iliyopita, akainama kwa heshima: "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia marahaba, tukaulizana habari za watoto.

Msomaji ukikipata kitabu hiki, kwa lugha yoyote, kisome na wenzako, na waache wakukatize.