Saa Mbili Juu ya Chumvi

Septemba 2006, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani, Sam Wheeler alivipita vipima muda kwa maili 355.303 kwa saa, yaani karibu kilomita 572. Hadi siku hiyo hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia hivyo juu ya magurudumu mawili. Pikipiki aliiunda mwenyewe kwa miaka mingi, nyembamba, ya chini, ikisukumwa na injini moja tu ya Kawasaki. Lakini tairi la mbele halikuhimili. Mpira ulimeguka, na Wheeler hakuweza kurudi. Ndiyo maana ukiisoma orodha ya rekodi za dunia za pikipiki, jina lake hulioni.

Kanuni ya FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, haina huruma: rekodi ni wastani wa safari mbili. Ukishapita maili iliyopimwa, geuza pikipiki, uipite tena kwa upande wa pili, na yote yakamilike ndani ya saa mbili. Sababu ya kwanza ni haki. Upepo ukikusukuma kwenda, utakukabili kurudi. Mteremko wa asubuhi ni mlima wa safari ya pili. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ni ukatili, hasa wakimkumbuka Wheeler. Mimi naiheshimu kuliko kanuni nyingine yoyote ya michezo, kwa sababu inataka chombo kinachoweza kukimbia kisha kikabaki kizima. Ubavu wa kwenda mara moja unaweza kununuliwa kwa injini kubwa na moyo mgumu. Wa kurudi haununuliki. Unajengwa na mafundi.

Pikipiki za daraja hili hazifanani na tunazoziona barabarani. Ni bomba refu lililofungwa kotekote, lenye gurudumu mbele na gurudumu nyuma, na kati yake mtu amelazwa chali, kafungwa mikanda hata mabega hayachezi. Hawezi kushusha mguu chini. Ikianza safari, gari huivuta au huisukuma mpaka ipate mwendo wa kujisimamia, huku vyuma viwili vya pembeni vikiizuia isianguke. Kisha dereva huvikunja, naye anabaki juu ya magurudumu mawili tu, juu ya chumvi inayoteleza. Akimaliza hufungua parashuti, husubiri kasi ipungue, halafu huvishusha vile vyuma kabla pikipiki haijalala ubavu. Akichelewa, inalala, na chumvi ya Bonneville hukwaruza kama msasa.

Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Malori ya kikosi yanakimbilia mwisho wa njia. Bodi inafunguliwa ingali na joto. Mmoja anakagua tairi kwa vidole, inchi kwa inchi, akitafuta mkato au mpira ulioanza kuachana na tabaka zake, maana kwa kasi ile tairi huvutwa nje kwa nguvu inayotaka kulirarua. Mwingine yuko kwenye mnyororo. Mwingine anajaza mafuta na barafu, kwa kuwa pikipiki nyingi za aina hii hazina rejeta ya kupokea upepo; tundu lolote kwenye bodi ni breki, hivyo injini hupozwa kwa maji na barafu iliyobebwa ndani. Chumvi imepenya kila mahali: kwenye nyaya, kwenye bearingi, kwenye kila tundu la skrubu. Inabidi itolewe. Na kando ya wote, mtu mmoja kapiga magoti, anaikunja parashuti upya. Kamba zikipishana, haitafunguka, na dereva atakuwa akienda mita zaidi ya 150 kila sekunde bila cha kumshika. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo utulivu wake una uzito kiasi hicho. Jina la mkunjaji parashuti haliandikwi popote, na rekodi nzima imo mikononi mwake.

Maili iliyopimwa yenyewe, kwa kasi ya maili 350 kwa saa, huisha katika sekunde kumi na kidogo.

Kwa sekunde hizo Denis Manning alifanya kazi miaka thelathini na sita. Mwaka 1970, angali kijana, ndiye aliyebuni pikipiki ya Harley-Davidson ambayo Cal Rayborn aliiendesha hapohapo Bonneville na kuweka rekodi ya maili 265.492 kwa saa, sawa na kilomita 427. Baadaye alianzisha kampuni ya kutengeneza ekzosi za pikipiki kule Grass Valley, California, aliyoiita BUB, na fedha ya ekzosi ikawa inageuka kuwa ndoto ya chumvi. Rekodi nayo ilikuwa ikimtoroka. Don Vesco aliivusha maili 300 mwaka 1975, akaipandisha tena 1978. Dave Campos akaifikisha maili 322.150 mwaka 1990, kwa injini mbili za Harley-Davidson. Hapo ikakaa miaka kumi na sita.

Pikipiki ya saba ya Manning ilitengenezwa kwa njia inayonivutia kuliko zote. Wengine huchukua injini za dukani, wakaunganisha mbili. Yeye alitaka injini yake mwenyewe, na mhandisi Joe Harralson akamchorea: silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa cc 3,000, turbo juu yake, nguvu za farasi kama 500. Weka pamoja injini za bodaboda ishirini za cc 150 ndipo uupate ujazo huo. Umbo la bodi Manning aliliazima kwa samaki, salmoni anayepanda mito dhidi ya mkondo, kwa hoja kwamba maji yamemchonga samaki huyo kwa muda mrefu kuliko mhandisi yeyote atakavyoishi.

Hoja hiyo ina hesabu ndani yake. Hewa haizidishi ukinzani wake kwa kipimo sawa na mwendo. Ukiongeza kasi maradufu, nguvu ya kupasua hewa inatakiwa iwe mara nane. Kutoka rekodi ya Campos hadi rekodi iliyokuja kuwekwa mwaka 2010 kasi imepanda kwa asilimia 17 tu. Lakini kwa bodi ileile, nguvu ingehitaji kupanda kwa karibu asilimia 60. Anayeujua ukweli huu ana njia mbili: aongeze farasi, au apunguze ukinzani. Mike Akatiff wa San Jose, mtengenezaji wa vifaa vya dharura vya ndege, alichagua farasi. Katika pikipiki yake, Ack Attack, alitia injini mbili za Suzuki Hayabusa zenye turbo, zikatoa zaidi ya farasi 900. Manning alichagua samaki. Na walipokutana, tofauti yao ilikuwa maili chache tu. Kwa fundi anayefikiri, hapo pana darasa zima: nusu ya nguvu, ikipewa umbo sahihi, inatembea bega kwa bega na nguvu kamili.

Walikutana 2006, katika mashindano ambayo Manning mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Tarehe 3 Septemba, Rocky Robinson, ambaye hapo awali aliwahi kuiendesha pikipiki ya Manning, aliipeleka Ack Attack kwa wastani wa maili 342.797. Rekodi ya miaka kumi na sita ikaanguka mikononi mwa mgeni, kwenye njia ambayo mwenyeji ndiye aliyeiandaa. Mtu mdogo wa roho angeweza kutafuta kisingizio cha kuifunga njia au kuahirisha. Njia ilibaki wazi kwa wote. Siku mbili baadaye Chris Carr, bingwa mara saba wa mbio za Marekani za viwanja vya udongo, aliingia ndani ya samaki wa Manning, akaenda, wenzake wakamgeuza, akarudi. Wastani: maili 350.884, kilomita 564.693 kwa saa. Ni pungufu ya alizokimbia Wheeler kwenye mashindano hayohayo. Lakini Carr alirudi.

Ack Attack ikaichukua tena rekodi mwaka 2008, BUB ikaijibu 2009 kwa maili 367.382, na tarehe 25 Septemba 2010 Robinson akaweka maili 376.363, kilomita 605.697 kwa saa.

Wengi wanaijua Bonneville kupitia filamu ya mwaka 2005 kuhusu Burt Munro, mzee wa New Zealand aliyekuwa akiyeyusha vyuma na kumimina pistoni zake mwenyewe ili pikipiki yake ya Indian ya mwaka 1920 izidi kukimbia. Nampenda Munro kama wanavyompenda wengine. Ila hadithi yake imetuzoesha kuona rekodi kama kazi ya mtu mmoja mwenye ukaidi, na juu ya maili 300 mtu huyo hayupo. Yupo mchonga silinda, mwenye hesabu za gia, msoma upepo, anayetembea njia nzima asubuhi akiokota kijiwe. Dereva ndiye anayebeba hatari, na hilo halina mjadala. Sam Wheeler aliendelea kurudi Bonneville baada ya lile tairi, akiboresha pikipiki yake, hadi alipoanguka akiijaribu Julai 2016, akafariki akiwa na miaka 72. Kumtaja bila kutaja hilo ni kutomtendea haki.

Rekodi ya 2010 ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuguswa, na naamini chumvi yenyewe ina sehemu yake. Bonneville ni sakafu ya ziwa la kale. Wakati wa baridi maji huifunika, wakati wa kiangazi jua huyakausha, na tabaka gumu hujitengeneza upya. Kwa miongo mingi maji ya chumvi yamekuwa yakivutwa kutoka hapo kwa ajili ya kuchimba potashi, tabaka likapungua unene, na njia ndefu iliyonyooka ikawa haipatikani kila mwaka. Mashindano makubwa ya Agosti yalifutwa 2014, yakafutwa tena 2015. Pikipiki ya maili 370 inahitaji umbali wa kupanda kasi na umbali wa kuishusha. Ukiikatia njia, umeikatia rekodi.

Kwa hiyo wanamichezo wale wale wanaokagua tairi kwa vidole wamejikuta wakienda kwenye ofisi za serikali wakidai chumvi irudishwe. Inawezekana: kati ya 1997 na 2002 palifanyika mradi wa kusukuma maji ya chumvi kuyarudisha uwandani, na wanataka kazi hiyo ifanywe tena kwa kiwango kikubwa, kila msimu wa baridi. Wana hoja, wana vipimo vya unene wa tabaka, na wanaichukulia pampu kwa uzito uleule wanaoichukulia nao turbo.