Kura za Dodoma na Itikadi ya Chama

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliwaandikia wana-TANU kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Hoja yake ni nyepesi kuisema, ngumu kuitenda: wanachama wakosoane, na neno lipimwe kwa ukweli wake, si kwa cheo cha msemaji. Kasoro ya kijitabu hicho ni kutegemea mno tabia njema ya watu, pasipo kueleza taratibu zitakazomlinda msema kweli.

Historia ya Dodoma yaidhihirisha kasoro hiyo. Mji huu uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, baada ya TANU kulipeleka shauri hilo matawini. Mwaka 1995 wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM walimchagua mgombea urais kwa ushindani wa kweli: Benjamin Mkapa kura 686, Jakaya Kikwete 639. Mwaka 2015 vikao viliwachuja waombaji 38, wakabaki watano, kisha watatu. John Magufuli akashinda kwa kura 2,104. Edward Lowassa, aliyeachwa mapema, alihamia CHADEMA mwezi huo huo, akagombea urais, na mwaka 2019 akarejea CCM. Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu ulimpitisha Samia Suluhu Hassan akiwa peke yake, hata kabla fomu hazijatolewa.

Wapo wasemao kwamba mchujo hulinda itikadi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wachujaji wangetangaza imani waliyoipima. Lakini mtu anapohama na kurudi, akipokewa kwa shangwe kote kuwili, ni vigumu kuamini kuwa kilichopimwa ni itikadi. Tena, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalilegezwa na Halmashauri Kuu huko Zanzibar mwaka 1991, bila kura ya matawi. Yaani mahali pa kujenga makao makuu paliulizwa kwa wanachama. Msingi wa imani yao haukuulizwa.

Itikadi isiyojadiliwa hugeuka wimbo, na kura isiyo na itikadi hugeuka ushabiki. Kwa hiyo yafaa mwalimu wa siasa asiwaulize wanafunzi nani alishinda tu, bali pia ni hoja gani ilishindana na ipi. Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno; lakini sharti wengi hao wapewe kwanza nafasi ya kulisema.