Mshono wa Ukili: Kuusoma Mkeka wa Magoma

Chane moja iliyotiwa rangi yatosha kuanzia usomaji wa mkeka wa ukindu uliotandikwa barazani Magoma, Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Huingia kwa mshazari katika ukili, yaani utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, ikipita juu ya wenzake na chini yao, na ifikapo ukingoni haikatwi: hukunjwa, ikashika mshazari wa pili hadi ukingo wa pili. Mstari huo wa kwenda na kurudi, ambao hapa nitauita mpindo, ndio silabi ya maandishi haya.

Ila ukili peke yake hausemi mengi. Usemi umo mshononi. Chukua kili mbili za mpindo mmoja, uzilaze ubavu kwa ubavu. Ncha za mipindo zikikutana kwenye mshono, hutokea misalaba, na baina yake vijumba vya pembe nne; ukiusogeza ukili mmoja nusu ya mpindo, vijumba vinatoweka, na badala yake yanapita mawimbi yanayofuatana bila kugusana. Ukindu ni ule ule, rangi ni ile ile, kilichohama ni mahali. Sijui somo la ufahamu wa nafasi lililo fupi kuliko hili, na mtoto wa miaka mitano hulipata kwa kidole, kabla hajasikia neno “ulinganifu”.

Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliziona nakshi za namna hii kuwa jiometri kamili. Mwaka 1994, yeye na Gildo Bulafo walichapisha kitabu kuhusu sipatsi, vikoba vya kusukwa vya Inhambane. 

Katika darasa la awali, ambako watoto huketi juu ya mkeka kama huo, bango la maumbo ukutani huweka pembetatu, mraba na duara kila moja katika kisanduku chake, bila jirani. Hufunza majina, na hufunza vizuri. Ujirani wa maumbo haliujui, ilhali watoto wameukalia.

Mwalimu wa awali, wainue watoto mkekani, mpe kila mmoja vipande viwili vya ukili wa mpindo mmoja, kisha nyamaza mpaka mmoja wao asogeze kimoja.