Bodi ya Meli kwenye Kompyuta: Anza na Ile Yenye Jibu

Anayefungua programu ya kusanifu meli kwa mara ya kwanza hutamani kuchora chombo cha ndoto zake: omo lililochongoka, tezi pana, sitaha iliyopinda vizuri. Baada ya saa kadhaa skrini inaonyesha kitu chenye sura ya meli, naye hana njia ya kujua kama kimekaa sawa. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wachore kwanza bodi ambayo majibu yake yanapatikana kwa kalamu na karatasi.

Bodi hiyo ipo. Ni ya Wigley, mtafiti wa Uingereza aliyechunguza mawimbi yanayosababishwa na meli katika miaka ya 1930, na hadi leo watafiti huitumia kujaribia hesabu zao. Umbo lake ni parabola mbili zilizozidishwa: moja ya urefu, nyingine ya kina. Upana ni mkubwa kabisa katikati, usawa wa maji, kisha hupungua hadi sifuri kwenye omo, kwenye tezi na kwenye mkuku. Chukua urefu wa mita 10, upana wa mita 1 na kina cha mita 0.625. Ujazo wake ni 4/9 ya sanduku lenye vipimo hivyo, yaani mita za ujazo 2.78, ambazo ni kama tani 2.85 za maji ya bahari.

Sasa fungua FREE!ship, ambayo ni ya bure, au ndugu yake DELFTship. Programu itauliza urefu, upana, kina na idadi ya pointi kwa urefu na kwa kimo. Utachora upande mmoja tu. Wa pili hujinakili wenyewe. Weka pointi tano kwa urefu, basi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanapiga hesabu ya Wigley, wanaweka kila pointi mahali pake hasa, halafu bodi inatoka nyembamba. Programu haijakosea. Pointi hizi huuvuta uso wa bodi kuelekea kwao, lakini uso haupiti juu yake. Kwa kanuni ya Catmull na Clark ya mwaka 1978, ambayo ni msingi wa nyuso za aina hii, pointi ya katikati kwenye ukingo huchangia 4/6 ya mahali uso unapoishia, na jirani zake wawili huchangia 1/6 kila mmoja. Katikati ya bodi yetu nusu ya upana ni 0.5, na kwa jirani, mita 2.5 mbele na nyuma, ni 0.375. Jumlisha: uso unaishia kwenye 0.458. Sentimita nne zimepotea kila upande, na ujazo umepungua pamoja nazo.

Tiba ni kuzisogeza pointi nje ya umbo unalolitaka, kidogo kidogo, huku ukisoma mgawo wa ujazo, yaani sehemu ya sanduku ambayo bodi inaijaza, kwenye taarifa ya programu. Unatakiwa ufike 0.444. Eneo la usawa wa maji nalo lisogee kwenye mita za mraba 6.67, na la mkato wa katikati kwenye 0.417. Ujazo ukilingana huku mkato wa katikati ukikataa, umenenepesha ncha ili kufidia kiuno, na hilo jicho pekee halilioni.

Kishawishi kitakachofuata ni kuongeza pointi ili namba zikae haraka. Kizuie. Kila safu mpya inaleta nafasi mpya ya nundu. Washa rangi za mpindo, zile zinazoonyesha jinsi uso unavyojikunja. Kwenye bodi laini rangi hubadilika taratibu kutoka omo hadi tezi. Ukiona madoa kuzunguka pointi, ifute safu uliyoiongeza mwisho, halafu rekebisha jirani zake.